Pedali si mbovu: kwa nini besi inapotea ukikanyaga ovadraivu

Wiki mbili zilizopita mteja wetu mmoja aliingia dukani saa nne asubuhi, hatujamaliza hata kutoa spika nje. Akaitua juu ya kaunta pedali ya ovadraivu, kile kiboksi cha kukanyagia kinachoitia sauti ya gitaa mngurumo, akasema, "Kaka, hapa nimepigwa." Aliinunua Jumanne. Ijumaa akapanda nayo jukwaani, na kila alipoikanyaga, besi ikatoweka. Wimbo wa pili kiongozi wa bendi akamgeukia. Wimbo wa tatu mpiga dramu naye akamgeukia. Wimbo wa nne akaizima na hakuiwasha tena. Kufikia Jumamosi alikuwa ameshaandika kwenye kundi la WhatsApp la wanamuziki kwamba duka letu linauza vitu feki.

Neno hilo liliniuma, sifichi. Kila pedali inayotoka kwetu imepita kwenye benchi, imepigwa kwa gitaa halisi, imekanyagwa swichi mara nyingi kabla haijafungwa tena kwenye boksi. Nikamwomba akae. Nikachukua besi yake mwenyewe na waya wake mwenyewe, nikaunganisha kwenye kombo, yaani amplifaya na spika ndani ya boksi moja, ya inchi 15 tunayopimia. Pedali ilikuwa nzima kabisa, inafanya kila kitu ilichotengenezwa kufanya. Shida ni kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya gitaa la solo, na siku ile ya Jumanne tulimwambia hivyo. Nyuma ya kopi ya risiti yake kuna mwandiko wangu: "Ameshauriwa ya besi, amechagua ya solo."

Naandika haya kwa sababu si yeye wa kwanza. Lalamiko hili linarudi na kurudi, maneno tu ndiyo yanabadilika: besi imekuwa nyembamba, besi imezama, besi inasikika kama redio ya mkulima. Na kila mara mwanzo ni uleule. Mtu anakuja akitaka pedali ya besi, anaona bei, kisha anaona pembeni yake pedali ya gitaa la solo kwa chini ya nusu ya bei ile, anauliza, "Hii nayo si ovadraivu?" Ni ovadraivu, ndiyo. Hata viatu vya mtoto ni viatu.

Kwanza tuelewane mtu anatafuta nini. Wapiga besi wengi wanaokuja kwetu hawataki kelele. Wanataka mngurumo kidogo tu: ukichezea nyuzi kwa upole sauti iwe safi, ukizikazia vidole ianze kukwaruza pembeni, iwe na mchanga. Sauti hiyo haikuzaliwa kwenye pedali. Ilizaliwa kwenye amplifaya za valvu zilizosukumwa mpaka zikaanza kuelemewa. Mashuhuri kuliko zote kwa upande wa besi ni Ampeg SVT ya mwaka 1969, wati 300, inayosukuma kabineti yenye spika 8 za inchi 10. Kichwa chake, yaani amplifaya bila spika, peke yake kinakaribia kilo 40. Hakuna bendi ya kumbi za hapa mjini itakayopandisha mzigo huo ngazi za ghorofa kila Ijumaa, ndiyo maana watu wakatafuta namna ya kuipata sauti ile kwenye kiboksi cha kukanyagia.

Na mngurumo huo si pambo tu, una kazi. Uzi mnene wa besi ya nyuzi 4, uzi wa E, unatetemeka mara 41 kwa sekunde. Besi ya nyuzi 5, ule wa B, mara 31. Spika ya simu haiwezi kutoa sauti ya chini hivyo hata kidogo. Ovadraivu inapokwaruza wimbi inazaa juu yake mitetemo mingine, ya 82, 124, 165 na kuendelea kupanda, na ile ya juu zaidi ndiyo spika ndogo inaweza kuitoa. Sikio likisikia mfululizo ule linajaza lenyewe ile sauti ya chini iliyokosekana. Kwa hiyo besi yenye mngurumo mdogo inasikika kwenye simu, kwenye televisheni, kwenye spika za bajaji, bila kuongeza sauti. Nikimweleza mteja jambo hili huwa anatoa simu yake papo hapo, anafungua video ya bendi yake, anaiweka sikioni. Besi hamna. Basi anaelewa.

Sasa turudi kwenye pedali ya solo. Ovadraivu yoyote inafanya jambo moja: inakuza wimbi la sauti mpaka linagonga dari, na dari linakata kichwa cha wimbi. Dari hilo mara nyingi ni vipuri viwili vidogo, diodi mbili zilizogeuziana migongo. Zikikata taratibu, kichwa kinakuwa cha mviringo na sauti ni laini. Zikikata ghafla, kichwa kinakuwa bapa na sauti ni kali. Mawimbi makubwa kuliko yote ni yale ya chini. Ukiyaacha yaingie yote kwenye dari, yanajaza nafasi nzima, na kila kitu kingine kinakatwa pamoja nayo. Sauti inakuwa uji.

Mafundi waliobuni pedali za gitaa la solo walilijua hili tangu zamani, wakalitatua vizuri. Chukua Tube Screamer ya Ibanez, ya mwishoni mwa miaka ya 1970, ambayo pedali nyingi sana za bei nafuu zimeiga sakiti yake. Ndani kuna vipuri viwili vidogo, rezista ya kiloomu 4.7 na kapasita ya maikrofaradi 0.047. Viwili hivyo kwa pamoja vinafanya sauti zilizo juu ya kama hezi 720, yaani mitetemo 720 kwa sekunde, zikuzwe kwa nguvu, na zilizo chini ya hapo zikuzwe kidogo kidogo kadiri unavyoshuka. Za chini hazikatwi, zinaachwa nyuma. Kwa gitaa la solo hiyo ni busara tupu. Uzi wake mnene unaanzia hezi 82, na chini yake kuna mpiga besi anayejaza. Solo inatoka mbele, safi, haigombani na mtu.

Mpe mpiga besi pedali hiyo hiyo. Anaikanyaga, katikati kunapanda, chini kunabaki palepale. Anaona sauti imekuwa kubwa mno, anapunguza voliyumu ya pedali ilingane na ilivyokuwa. Pale anapopunguza, anapunguza na ile chini. Ndipo besi inapotea. Mteja wangu wa siku ile alikuwa amefanya hivyo hasa, na nilimwonyesha kwenye kioo cha osiloskopu, kile kifaa kinachochora wimbi la sauti. Pedali imezimwa: wimbi pana lenye tumbo. Pedali imewashwa, sauti imelinganishwa: tumbo limekonda, juu kuna vinyweleo. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Kumbe ndiyo alichokuwa anasikia yule mpiga dramu."

Pedali iliyofikiriwa kwa ajili ya besi inatatua hili kwa njia nyingine. Inaigawa sauti yako mara mbili mlangoni. Nusu moja inakwenda kukwaruzwa, nusu nyingine inapita pembeni ikiwa safi na chini yake yote, kisha zinakutana mwishoni. Nobu inayochanganya hizo mbili ndiyo unayoilipia. Kwenye pedali nyingine imeandikwa Blend, kwenye nyingine Balance, kwenye nyingine Dry. Ukiikosa nobu hiyo, uliza mara mbili kabla ya kutoa pesa. Zipo pedali chache zisizo nayo ambazo sakiti yake inalinda chini kwa namna nyingine, lakini kwa mtu anayenunua ovadraivu yake ya kwanza, mimi nasema nenda kwenye yenye nobu.

Tunazoziamini baada ya kuzisikia sana: MXR Bass Overdrive, ile M89, ina nobu 4 tu na nobu moja ni ya sauti safi peke yake. Unaiongeza bila kugusa mkwaruzo, na kwa mtu anayeanza haina mafumbo. Bass Soul Food ya Electro-Harmonix ni ya upole, ina mchanganyo, na ina kiswichi cha kupunguza nguvu inayoingia kwa wenye besi za betri, zile zenye sakiti yake ndani. Upande wa Darkglass, kampuni ya Helsinki kule Finland, watu wanakuja wakitaja B3K kwa sababu ndiyo wanayoiona kwenye video. B3K ni nzuri, lakini ni ya wanaotaka meno. Kwa mngurumo mdogo waulizie Vintage Microtubes ya kampuni hiyo hiyo. Boss ODB-3 ina nobu ya mchanganyo na ni ngumu kama jiwe, ila hata ukiishusha sana bado ina ukali. Kijana wa bendi ya roki ataipenda. Mpiga besi wa kwaya atanirudishia.

Kisha kuna SansAmp Bass Driver DI ya Tech 21. Hiyo naitaja peke yake kwa sababu ya makanisa. Wapiga besi wengi wa kanisani hawana amplifaya, wanachomeka moja kwa moja kwenye mikisa. Kabineti ya besi kwa kawaida haitoi sana sauti za juu kabisa, kwa hiyo inaficha ile sauti ya nyuki inayotoka kwenye ovadraivu. Spika za ukumbini zina twita, spika ndogo ya sauti za juu, na twita inatoa kila kitu. Ukichomeka ovadraivu ya kawaida kwenye mikisa utasikia kama mtu anakaanga dagaa nyuma ya besi. SansAmp hiyo inaiga amplifaya pamoja na kabineti, ina nobu ya mchanganyo, na ina tundu la XLR, lile la waya wa pini tatu, la kwenda kwenye mikisa. Ni ghali zaidi, lakini inafanya kazi ya vitu vitatu. Kama unayo tayari pedali nyingine, mwombe fundi mitambo akate sauti za juu ya hezi 5,000 kwenye chaneli yako. Nyuki wengi wataondoka.

Sasa niseme kuhusu njia za mkato, maana ndizo zinazotuletea kazi benchi, na ni kazi ambayo ningependa nisiipate.

Ya kwanza ni kupandisha gaini, ile nobu ya mikisa inayokuza sauti inayoingia. Kwaya moja ya vijana ilitaka besi yenye mngurumo, na mtu akawaambia pedali ni kupoteza hela, pandisheni gaini ya mikisa mpaka taa nyekundu iwake. Iliwaka ibada nzima. Taa ile ikiwaka, mkwaruzo hauko kwenye besi peke yake. Amplifaya ya nguvu inaposukumwa mpaka ikate mawimbi yawe bapa, inaweza kutoa hadi mara mbili ya nguvu ambayo ingetoa kwa wimbi safi la urefu uleule. Koili ya spika inapika. Waliniletea sabu 2, zile spika za sauti za chini, za inchi 18, koni zake ukizisukuma kwa kidole zinakwaruza kama sandpepa. Kuzifunga koili mpya kuliwagharimu Sh 420,000, na Jumapili mbili wakaimba bila sabu. Mama mweka hazina aliniuliza pedali ingekuwa shilingi ngapi. Nilimjibu kwa sauti ya chini, kwa sababu vijana walikuwa wamesimama pale pale.

Ya pili ni adapta. Pedali nyingi zinataka volti 9, hasi ikiwa katikati ya ncha. Adapta nyingi za ruta za intaneti ni volti 12, chanya katikati, na ncha yake inaingia bila shida. Hapo ndipo mtego ulipo. Pedali iliyotengenezwa vizuri ina diodi ya ulinzi karibu na tundu la umeme, inayojitoa mhanga ukigeuza umeme. Ukiwa na bahati ndiyo inayokufa peke yake, na kazi ni ndogo. Ukikosa bahati, aisii, ile chipu inayokuza sauti, inaondoka nayo. Mwaka huu nimefungua pedali kadhaa zenye ugonjwa huu, na mwenyewe kila mara anaapa kwamba imezima tu yenyewe. Harufu haidanganyi. Tunapouza pedali tunakupa na adapta yake, na bei yake imo ndani. Usiiache kwenye soketi ya ukumbi.

Ya tatu inahusu mafundi wenzangu, kwa hiyo nitachagua maneno. Kuna mteja alipeleka pedali yake ya solo kwa fundi mwingine akaongezewa chini. Kilichofanyika ni kubadilisha ile kapasita ya 0.047 kuwekwa ya 0.1. Kwa hesabu, ile mipaka ya hezi 720 inashuka kuwa karibu 340. Si uongo, chini zaidi inaingia. Lakini inaingia wapi? Inaingia kwenye dari, inakwenda kukatwa. Mteja alipata chini iliyojaa matope badala ya chini iliyokonda. Fundi yule alipoweka 0.22 ikawa matope zaidi. Mteja alikuja kwetu na pedali iliyochomelewa kwa risasi mara tatu, njia za shaba zimebanduka kwenye bodi. Hela aliyolipa huku na huku, ukijumlisha na ya pedali yenyewe, ilishapita bei ya M89. Kapasita haiwezi kufanya kazi ya nobu ya mchanganyo, kwa sababu mchanganyo ni njia ya pili kabisa ya sauti, haipo kwenye bodi ile.

Kuna njia moja ya bei nafuu ninayoikubali, na naitaja japo hainiuzii pedali. Kama una pedali ya solo na unapigia amplifaya huku mikisa ipo, nunua boksi la DI, kile kiboksi kinachoiandaa sauti ya gitaa iingie kwenye mikisa, lenye matundu mawili upande wa kuingilia. Besi inaingia kwenye DI. Kutoka hapo XLR inakwenda kwenye mikisa ikiwa safi, na tundu la pili linakwenda kwenye pedali kisha kwenye amplifaya yako. Ukumbini chini inatoka safi, na mkwaruzo unatoka nyuma yako. Wengine wanajaribu kufanya hivyo kwa waya wa mapacha, wanaugawa mdomo mmoja kuwa miwili na kuchomeka chaneli mbili za mikisa kwenye tundu za laini. Besi isiyo na betri haina nguvu ya kuendesha tundu hizo. Pikapu, ile sumaku inayonasa sauti ya nyuzi, inaelemewa, sauti inazibika kama imefunikwa blanketi. Na kuna pedali zinazogeuza wimbi juu chini, kwa hiyo ukichanganya safi na chafu zinafutana, unapata nyembamba kuliko ulivyoanza. Ukisikia hivyo, mwambie fundi mitambo abonyeze kitufe cha kugeuza fezi kwenye chaneli moja.

Bei. Najua ndiyo jambo lenyewe. Mtu ananionyesha simu: "Mbona huko Marekani inauzwa nusu ya bei yako?" Inauzwa hivyo ukiwa umesimama kaunta ya huko. Mpaka ifike Dar kuna nauli ya mzigo, ushuru wa forodha, na VAT ya asilimia 18, na kuna mtu wa kuitoa. Kisha kuna kazi yangu. Nakaa na wewe chumba cha nyuma saa nzima, unajaribu tatu au nne kwa besi yako. Nakuangalizia tundu la jeki la gitaa lako kama limelegea, maana nusu ya "pedali zinazokatikakatika" ni jeki. Unapewa siku 7 za kubadilisha kwa thamani kamili, mradi boksi lipo na kibandiko cha namba chini ya pedali hakijang'olewa. Tafadhali msibandike velkro juu ya namba hiyo. Ukiibandua inaondoka nayo, na pedali isiyo na namba siwezi kumuuzia mtu mwingine kwa bei ya haki.

Na siku nyingine namwambia mtu asinunue. Mzee mmoja anayepiga muziki wa dansi tangu sisi hatujazaliwa alikuja akisema besi yake imelala, vijana wamemshauri ovadraivu. Nikampa heshima yake, nikaigusa besi. Nyuzi zilikuwa na umri wa mtoto wa shule. Tulifunga seti mpya, tukapunguza urefu wake juu ya shingo, akapiga, akacheka. Kwa muziki wake, ambapo besi inatakiwa iwe ya mviringo na itembee na tumba, mkwaruzo ungemharibia. Alilipa nyuzi na Sh 20,000 ya kazi. Mwingine alitaka pedali itakayompa mngurumo alioupata wiki iliyopita kwenye shoo, anasema ulikuja wenyewe na ukaondoka. Nilifungua mgongo wa besi yake yenye betri: betri ya volti 9 ilikuwa imekaribia kufa siku ile ya shoo, akaja kuibadilisha bila kuhusisha mambo hayo mawili. Betri ikichoka, sakiti ya ndani inakosa nafasi na kuanza kukata mawimbi. Kwa wenye besi hizo: ukimaliza kupiga chomoa waya kwenye gitaa. Waya ukiwa ndani, betri inaliwa usiku kucha.

Ukishanunua, mpangilio wake ni huu. Draivu, ile nobu ya mkwaruzo, ishushe yote, mchanganyo weka katikati, toni katikati. Panda na draivu taratibu huku ukikaza vidole, simama pale mkwaruzo unapotokea kwa nguvu tu na kupotea ukilegeza. Kisha linganisha voliyumu: ukiwasha na kuzima, sauti isiruke. Besi yenye betri ikiwa na nguvu mno, mkwaruzo hautaondoka hata draivu ikiwa sifuri. Hapo tumia kiswichi cha kupunguza kama kipo, au shusha voliyumu ya gitaa. Usihukumu ukiwa chumbani peke yako. Chumbani mkwaruzo unasikika mwingi, ukiingia na dramu na kinanda unamezwa karibu nusu. Kinachofaa na bendi huwa kinaonekana kimezidi kidogo ukiwa peke yako.

Nafasi za nobu, siku hizi sizitaji kwa saa. Vijitabu vya pedali vinatumia uso wa saa, na nilikuwa nawaelekeza wateja hivyo hivyo kwa simu. Nikamwambia mmoja "weka draivu saa tatu", mimi nikiwa na maana ya saa tatu yetu, mshale ukiwa kwenye tisa, upande wa kushoto, karibu na mwanzo. Yeye akaweka kwenye tarakimu ya tatu, kulia, karibu mwisho. Alipiga harusi nzima hivyo. Sasa nasema kushoto, juu, kulia, na ninapeleka picha.

Yule bwana wa Ijumaa alirudisha pedali ndani ya siku zake 7, boksi lipo, namba ipo. Ilikuwa ya Sh 190,000, tukaihesabu yote, akaongeza Sh 290,000 akachukua ya besi baada ya kujaribu nne. Tulikaa mpaka adhuhuri, jirani yetu wa vitenge akagonga ukuta mara mbili. Kwenye kundi aliandika mwenyewe, sikumwomba.

Kama unakuja kujaribu, njoo baada ya saa nne asubuhi siku yoyote isipokuwa Jumapili. Lete besi unayopigia, si ya kuazima, na waya unaotumia jukwaani hata kama umechoka. Nyuzi kuukuu usibadilishe kwanza. Nataka nisikie unachokisikia wewe.